Ndagala mbichi, ndagala kavu: gharama ya msanii anayegoma

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye harusi moja ya Buyenzi, hapa Bujumbura, ambako mimi ndiye niliyekuwa fundi wa sauti, mpiga kinanda alisimamisha vidole katikati ya wimbo. Saa ya kukata keki ilikuwa imekaribia, bi harusi amekwisha kusimama, na kashe, kama tunavyoita hapa malipo ya onyesho, haikuwa imetolewa hata faranga moja licha ya ahadi za tangu asubuhi. Akakunja mikono, akamtazama mwenye shughuli. Ule ulikuwa mgomo kamili: wa mtu mmoja, wenye dai moja lililo wazi. Ulidumu kama dakika mbili. Kijana wa upande wa bwana harusi alitoa flashi mfukoni, akanipa, nami, Mungu anisamehe, nikaichomeka. Watu wakaendelea kucheza. Wimbo wa pili uliotoka kwenye flashi ile niliujua tangu mlio wa kwanza. Ulirekodiwa Bwiza, kwenye chumba chenye magodoro ukutani, na aliyepiga kinanda ni yuleyule aliyekuwa ameketi mbele yangu amekunja mikono. Siku ya kurekodi alilipwa mara moja, basi. Usiku ule alishindwa na vidole vyake mwenyewe.

Kila ninaposikia wasanii wa Bujumbura wakisema "sasa tugome", huwa namkumbuka. Siwapingi. Nimebeba spika kwa zaidi ya miaka ishirini, nimeona watu wakidhulumiwa mbele ya macho yangu, na naamini haki ya kugoma ni ya msanii kama ilivyo ya mwalimu. Lakini msimamo wangu ni huu: mgomo wa wasanii hauamuliwi na idadi ya siku ambazo jukwaa limekaa kimya. Huamuliwa na nani ana akiba ya kula wakati wa kimya hicho, na kama madai yanaigusa kazi iliyorekodiwa au yanaishia kwenye kashe ya usiku mmoja. Anayegoma bila akiba hurudi kazini kwa bei ya chini kuliko ile aliyoikataa. Na anayegomea kashe peke yake, hata akishinda, amepandishiwa bei ya kitu kinachooza.

Kila aliyekulia kando ya Tanganyika anazijua ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu. Zikitoka ziwani alfajiri zikiwa mbichi, ni mbio: zisipouzwa kufikia mchana, zimekwisha. Zikianikwa mchangani zikakauka, mwenyewe anaweza kungoja bei hadi wiki ijayo na kuzipeleka mpaka Gitega. Kazi ya jukwaani ni ndagala mbichi. Jumamosi iliyopita bila onyesho hairudi, na hakuna ghala la kuwekea Jumamosi. Kazi iliyorekodiwa ni ndagala kavu. Sasa tazama nani ameshika kipi. Msanii anayegoma mkononi ana zile mbichi tu, ambazo kila siku inayopita ni hasara yake. Anayemlipa, awe mwenye baa, mwenye kituo cha redio au kampuni kubwa ya filamu, amekalia magunia ya zile kavu, tena zilizokaushwa na msanii huyohuyo. Ndiyo maana kusubiri humuuma mmoja kuliko mwingine.

Hollywood ilituonyesha hilo waziwazi mwaka 2023. Waandishi wa filamu na televisheni, wanachama kama 11,500, waliweka kalamu chini tarehe 2 Mei, wakakaa siku 148. Waigizaji, chama chenye watu kama 160,000, wakawafuata tarehe 14 Julai kwa siku 118, mpaka tarehe 9 Novemba. Hasara kwa uchumi ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 5. Lakini waajiri walikuwa na ghala: maelfu ya saa za filamu na tamthilia zilizokwisha kurekodiwa, ambazo watazamaji waliendelea kuzilipia kila mwezi kana kwamba hakuna kilichotokea. Upande wa pili, mwigizaji wa kawaida alikuwa akihesabu kama mapato yake yatafika dola 26,470 kwa mwaka, kiwango kilichohitajika ili bima ya afya ya chama imhudumie. Waigizaji walio wengi hawakuwa wakikifikia hata kabla ya mgomo. Waliosimama miezi ile walisimama kwa sababu kulikuwa na mifuko ya dharura, ambamo mastaa kadhaa, Meryl Streep na George Clooney wakiwamo, walitia dola milioni moja au zaidi kila mmoja. Bila mifuko hiyo, nadhani njaa ingeumaliza mgomo kabla ya Septemba.

Watu husimulia mgomo ule kama habari ya mastaa na mabosi. Fundi wa taa hakuwa mwandishi wala mwigizaji, hakupiga kura ya kugoma, na mkataba uliopatikana haukumwongezea senti. Takwimu za ajira za Marekani za Agosti 2023 zilionyesha kazi 17,000 zimepotea katika filamu na kurekodi sauti kwa mwezi ule mmoja, na mgomo uliwaumiza pia watu wa namna hiyo: mafundi, washonaji, wapishi, madereva. Hapa kwetu wangekuwa ni mwenye jenereta, mbeba spika, mama wa mishikaki mlangoni, na teksi inayosubiri nje saa nane za usiku. Anayepanga mgomo bila kuwahesabu watu hawa atawakuta wamesimama upande wa mwenye baa. Sitawalaumu.

Kuna wanaodhani kwamba mgomo ukishinda, gharama hurudi. Mwaka 2024, mwaka mmoja baada ya ushindi, siku za kupiga picha mjini Los Angeles zilipungua hata chini ya zile za 2023, mwaka wa mgomo wenyewe. Kampuni zilikuwa zimegundua kwamba zinaweza kutengeneza vichache zaidi, au kwenda kutengeneza kwingine, na dunia isianguke. Mapema zaidi, mgomo wa waandishi wa 1988, uliochukua miezi mitano, ulifungulia mlango vipindi visivyohitaji mwandishi. Machi 1989 kituo cha Fox kilianza kurusha "Cops", kamera ikifuatana tu na askari barabarani, na aina hiyo ya vipindi haikuondoka tena. Kimya huzoesha watu kitu kingine. Hata sisi tumelionja. Mei 2015 redio kadhaa za binafsi za mji huu ziliharibiwa na kufungwa. Huo haukuwa mgomo wa mtu yeyote, lakini kwa mwanamuziki matokeo yalikuwa yaleyale: mlango wa kumfikia msikilizaji ulizibwa. Isanganiro, mojawapo ya redio hizo, ilirudi hewani Februari 2016, lakini vijana niliokuwa nikiwafungia spika walikuwa wamekwisha kuzoea kurushiana nyimbo kwa simu, bila mtangazaji kuutaja wimbo ni wa nani.

Mgomo ninaopenda kuufundisha, kwa uchungu wake na kwa akili yake, ni wa 1942. Tarehe 1 Agosti mwaka huo James Petrillo, kiongozi wa chama cha wanamuziki wa Marekani, aliwakataza wanachama wake kurekodi sahani zozote. Aliona mapema kile mpiga kinanda wangu alichokiona Buyenzi: santuri na redio zilikuwa zinamfukuza mwanamuziki ukumbini kwa kutumia sauti yake mwenyewe. Hakudai kashe. Alidai kwamba kila sahani inayouzwa itoe fungu dogo liingie kwenye mfuko wa chama, na mfuko huo uwalipe wanamuziki wasio na kazi ili wapige bure mbele ya umma. Kampuni ya Decca ilikubali Septemba 1943. Columbia na RCA Victor zikashikilia mpaka Novemba 1944. Mfuko ukazaliwa.

Gharama yake? Waimbaji hawakuwa wanachama wa chama kile, kwa hiyo studio ziliwaweka mbele ya kwaya bila ala. Frank Sinatra alirekodi hivyo mwaka 1943, na kufikia mwisho wa mgomo umma ulikuwa umejifunza kumpenda mwimbaji kuliko bendi. Bendi kubwa zilizokuwa zikiajiri watu kumi na watano au ishirini hazikupata tena nafasi yao. Kuna hasara nyingine isiyo na bei: mwaka 1943 Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuwa pamoja katika bendi ya Earl Hines, wakiigeuza jazi, na hakuna sahani ya studio ya bendi hiyo. Waliokuwapo ukumbini walisikia. Sisi wengine hatutasikia kamwe. Naulizwa mara nyingi kama Petrillo alishinda au alishindwa. Nasema alishinda dai, akapoteza soko, na kilichobaki mkononi mwa wanachama ni mfuko.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1960, waigizaji wa Hollywood walipogoma chini ya Ronald Reagan, aliyekuwa kiongozi wa chama chao. Waliacha malipo ya filamu zote za kabla ya mwaka huo, na wakongwe wengi hawakuwasamehe, lakini walipata dola milioni 2.25 za kuanzisha mfuko wa pensheni na afya. Bima niliyoitaja hapo juu, ile ya dola 26,470, mizizi yake iko pale. Na katika mkataba wa 2023 kuna kifungu kidogo ambacho kwangu kina thamani kuliko nyongeza zote za mishahara: filamu au tamthilia ikifanikiwa sana kwenye mitandao, asilimia 75 ya bonasi huenda kwa walioigiza ndani yake, na asilimia 25 huingia mfuko wa pamoja wa waigizaji wengine. Hizo ni ndagala kavu zinazogawiwa kijiji kizima.

Sisi wa upande huu tumegoma kwa njia yetu, na njia hiyo ina jina: kuhama. Mwaka 1963 kule Kinshasa, ikiitwa bado Léopoldville, wanamuziki wa African Jazz walimwacha kiongozi wao Grand Kallé karibu wote kwa mkupuo, Tabu Ley Rochereau na Dokta Nico wakiwa mbele, na moja ya manung'uniko makubwa ilikuwa pesa. Wakaunda African Fiesta. Nairobi mwaka 1978, kikosi cha wapiga ala kilichomzunguka Omar Shabani kilitoka Simba Wanyika ya ndugu wa kina Kinyonga, kikawa Les Wanyika, na haukupita muda Afrika Mashariki yote ikawa inaimba "Sina Makosa". Sikilizeni nyimbo zilizotoka kwenye mihamo hiyo. Hakuna mgomo wa Hollywood uliozaa uzuri wa namna hiyo. Lakini tuangalie kilichobadilika kwa mtu wa gitaa la pili. Alitoka kwa bosi mmoja akaenda kwa bosi mwingine, mara nyingi rafiki yake wa jana. Sahani alizopiga zilibaki kwa mwenye lebo. Hakuna mfuko uliozaliwa, wala mkataba wa kumlinda yule atakayekuja kesho. Baada ya miaka michache African Fiesta nayo ikapasuka, Nico huku, Rochereau kule.

Dar es Salaam ilijaribu kitu tofauti. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi chenyewe, wanamuziki wakilipwa mshahara wa mwezi. Ungedhani bendi ya sendika ingemaliza tatizo. Haikumaliza, kwa sababu vyombo na jina vilikuwa mali ya mwajiri. Jina lilibadilika kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanasema Msondo Ngoma. Wanamuziki waliingia na kutoka, wakienda kufuata ofa nzuri zaidi, na kila aliyetoka alitoka mikono mitupu. Kuhama ni dawa ya mtu mmoja mwenye jina. Mpiga besi hana pa kuhamia.

Turudi Bujumbura. Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba mgomo wa wasanii hapa ni ndoto, kwa kuwa hatuna mwajiri. Katiba inatambua haki ya kuunda sendika na kugoma, lakini utaratibu wa sheria ya kazi umejengwa juu ya mtu mwenye mwajiri mmoja, notisi na upatanishi, ilhali mwanamuziki wetu ana wateja arobaini kwa mwaka na karatasi sifuri. Hoja hii ina ukweli nusu. Mwajiri hatuna, mlipaji tunaye, na si vigumu kumwona. Ni mwenye baa anayeweka bendi ya karaoke Ijumaa. Ni familia yenye harusi msimu wa kiangazi, ndugu wa ughaibuni wanaporudi. Ni shirika linaloagiza wimbo au mchezo wa redio kuhusu malaria. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, mlipaji huyo hutoa kwanza pesa ya jenereta, kisha ya vinywaji, na msanii hupewa kilichobaki saa kumi za alfajiri.

Tena tuna mfano wa karibu sana unaoonyesha kwamba onyesho linaweza kufuatwa na risiti. Oktoba 2017 amri ya rais ilipanga upya shughuli za ngoma zetu, zile ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Kwa amri hiyo, anayewaita abatimbo, yaani wapiga ngoma hizo, kwenye sherehe isiyo rasmi sharti awe na kibali cha wizara na alipe faranga 500,000 kwenye hazina ya serikali. Amri ileile iliwazuia wanawake kupiga ngoma, jambo linaloniuma hadi leo, maana nimewasikia wakipiga. Lakini kwa habari ya pesa, amri ile ilivunja hoja niliyoisikia katika ofisi nyingi, kwamba starehe za mji huu haziwezi kuhesabiwa. Zinaweza. Swali lililobaki ni fungu gani la pesa hizo linamrudia mwenye jasho, na kwa njia ipi.

Njia ipo kwenye karatasi. Sheria ya hakimiliki ya Burundi ni ya tarehe 30 Desemba 2005, na ofisi ya hakimiliki, OBDA, tunayo. Lakini ofisi ya kukusanya mirabaha ikikusanya bila orodha sahihi, huzaa hasira kuliko pesa. Kenya walipita hapo. Januari 2016 kundi la Elani, lenye nyimbo zilizokuwa zikipigwa kila redio, lilitangaza hadharani kwamba chama cha mirabaha kiliwapa shilingi 31,000. Zogo likawa kubwa. Mwaka 2017 leseni ikapewa chama kingine, kesi zikafuata, na miaka ikapita wenye baa wakiuliza wamlipe nani. Kule pia kulikuwa na mgomo wa aina yake, wa imani. Imani ikigoma, hairudishwi kwa kutia saini.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri na vijana wa karaoke wa Bwiza na Kinindo wanaotaka kugoma, nawaambia wasianze na mgomo. Waanze na mfuko. Tuseme kundi linalipwa faranga 300,000 kwa usiku na linapiga mara nane kwa mwezi. Asilimia tano ni faranga 120,000 kwa mwezi, 1,440,000 kwa mwaka. Kila mmoja wetu amewahi kucheza upatu, ikirimba kama tunavyosema hapa, kwa hiyo utaratibu wa kutunza pesa pamoja si mgeni. Makundi kumi yakifanya hivyo kwa mwaka mmoja, mji huu utakuwa na wasanii wanaoweza kukaa kimya mwezi mmoja bila kuuza gitaa. Na mwenye baa akijua wanaweza, huenda wasihitaji kukaa kimya kabisa. Mfuko huo uwatambue pia fundi wa sauti na mbeba spika, la sivyo atatokea mwingine kama mimi, wa kuchomeka flashi.

Kisha waandike. Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nusu ya kashe kabla spika hazijashuka garini, nusu nyingine kabla ya keki. Mzee mwenye shughuli hapaswi kuona ni utovu wa adabu. Mpishi wa pilau hulipwa kabla hajawasha moto, na hakuna anayemwona mkorofi. Kama itabidi kugoma, wagome kwa muda mfupi uliotangazwa, dhidi ya mlipaji mmoja anayejulikana kwa dhuluma, katika kiangazi ambapo harusi haziwezi kuahirishwa. Mgomo wa jumla usio na tarehe ya mwisho, bila mfuko, ni zawadi kwa mwenye flashi.

Dai lenyewe nalo lisiwe kashe tu. Lihusu kurekodi: kila studio, kila redio na kila shirika linaloagiza wimbo liandike nani alipiga nini, na karatasi hiyo iende OBDA siku hiyohiyo. Leo ukiuliza nani alipiga besi kwenye wimbo uliotikisa mji huu miaka kumi iliyopita, utatajiwa mwimbaji. Hakuna mirabaha itakayomfikia mtu asiyeandikwa popote, hata ofisi iwe na uaminifu wa malaika.

Mwezi uliopita nilinunua daftari la karatasi mia mbili, nikaanza na nyimbo nilizozichanganya mimi mwenyewe. Safu ya kwanza jina la wimbo, ya pili mwaka, ya tatu majina na ala. Nimefika wimbo wa 38. Wapiga ala wawili inasemekana wako Uvira, mmoja ameacha muziki anauza simu karibu na soko, na mpiga kinanda wa ile harusi ya Buyenzi nimemwandika mara kumi na moja. Jumapili nilimpelekea ukurasa wake. Aliusoma kimya, akaomba kalamu, akaongeza nyimbo nne nilizozisahau.